Thomas Young: mwaka mmoja, meli na jiwe

Jina la Thomas Young nililikuta kwanza katika somo la isimu ya historia. Mwalimu alikuwa anaeleza jinsi lugha zinavyopangwa kwa ukoo, akaandika ubaoni Kihindi-Kiulaya, na pembeni mwaka 1813 pamoja na jina hilo. Nikaandika daftarini, nikasahau. Miezi michache baadaye nilikuwa nimeketi na ndugu yangu, mtoto wa mjomba, anayesoma Politekniki. Katika maandishi yake nikaona jina lile lile: moduli ya Young. Nikamwambia huyo ni mtu wetu sisi wa lugha. Alicheka mpaka akafunga daftari. Kwake Young ni mtu wa chuma na boriti, na sisi wa lugha kazi yetu ni kuhesabu ngeli. Tulibishana hadi umeme ukakatika, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake amechanganya watu wawili.

Ni mtu mmoja. Tena ndani ya mwaka mmoja, 1814, mtu huyo alitoa hesabu ya jinsi meli ya kivita inavyopindwa na uzito wake yenyewe, kisha akachukua nakala ya Jiwe la Rosetta akaanza kulifumbua. Nasimulia maisha yake kama nilivyoyaelewa, na nitakaa zaidi kwenye meli. Habari za jiwe wengi katika kitivo chetu wanazijua, za meli karibu hakuna. Isitoshe, mjomba wangu ni fundi wa mashua huko Kalundu, kwa hiyo nilikuwa na mtu wa kumuuliza.

Young alizaliwa tarehe 13 Juni 1773 huko Milverton, katika jimbo la Somerset, kusini-magharibi ya Uingereza. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto 10 wa familia ya dhehebu la Quaker. Inasimuliwa kwamba akiwa na miaka 2 alijua kusoma, na kabla ya kutimiza 5 alikuwa ameimaliza Biblia mara mbili. Mtu akishakuwa mashuhuri utoto wake huongezwa chumvi, basi hayo nayapokea kwa tahadhari. Lakini hili la pili linakubaliwa na wengi: akiwa kijana wa miaka 14 alikuwa amejifunza Kigiriki na Kilatini, na alikuwa ameonja Kifaransa, Kiitalia, Kiebrania, Kiaramu, Kiarabu, Kiajemi, Kituruki na hata Kige'ez cha Ethiopia. Nyingi alijifunza peke yake, kitabu mkononi.

Alisomea udaktari London, Edinburgh na Göttingen, ambako alipata shahada mwaka 1796. Katika kazi yake ya Göttingen, iliyohusu nguvu zinazoulinda mwili wa mtu, aliweka alfabeti ya herufi 47 iliyokusudiwa kuandika sauti zote ambazo kinywa cha binadamu kinaweza kutoa. Hiyo ni miaka 90 kabla ya kuundwa kwa chama kilichotuletea alfabeti ya fonetiki tunayoihangaikia kila mtihani. Mwaka 1797 Richard Brocklesby, mjomba wa mama yake na daktari pia, alifariki na kumwachia nyumba London na fedha za kutosha. Tangu hapo Young hakuwa na njaa ya kumlazimisha kuchagua jambo moja. Sijui kama hiyo ilikuwa bahati yake au balaa lake.

Mwaka 1801 alipewa kiti cha ualimu katika Royal Institution ya London. Katika miaka miwili alitoa mihadhara 91, juu ya kila kitu: maji, sauti, mwanga, saa, mabomba, nyota. Wasikilizaji walikuwa watu wa mjini waliokuja kuburudika kwa sayansi. Yeye akawapa chakula kizito, bila kupumzika, bila mifano ya kutosha. Aliacha mwaka 1803, na mihadhara ikachapwa mwaka 1807 katika vitabu viwili vikubwa.

Humo ndimo imo moduli aliyokuwa nayo ndugu yangu daftarini. Wazo lenyewe ni hili: kila kitu kigumu, hata chuma, hunyumbuka kidogo kikivutwa au kikisukumwa, na kila aina ya kitu ina kipimo chake cha ubishi. Leo tunakisema kipimo hicho kwa nguvu juu ya eneo. Young alikisema kwa njia nyingine: alitaka msomaji afikirie mnara wa kitu kile kile, mrefu kiasi kwamba uzito wake ndio kipimo. Kwa chuma cha pua mnara huo unakaribia kilomita 2,600, yaani kama kutoka Kinshasa mpaka Dar es Salaam kwa njia ya ndege, lakini umesimamishwa wima. Ndugu yangu alipenda sana picha hiyo. Mimi nilimwonea huruma mtu aliyekaa safu ya nyuma mwaka 1802.

Katika vitabu hivyo hivyo aliandika juu ya boriti. Boriti ya mstatili ikilazwa juu ya nguzo mbili, nguvu yake ya kubeba huongezeka kwa upana wake na kwa kimo chake kikizidishwa mara mbili, na ugumu wake wa kutopinda huongezeka kwa kimo kikizidishwa mara tatu. Ndiyo maana ubao ukisimamishwa kwa ubavu haupindi, ukilazwa unapinda. Kutoka gogo moja la mviringo, boriti yenye nguvu kuliko zote ni ile ambayo kimo chake ni karibu mara 1.4 ya upana, na ile ngumu kuliko zote ni karibu mara 1.7. Nilipompelekea mjomba habari hii alisikiliza kwa heshima, akaniuliza kama kweli kulikuwa na haja ya kwenda chuo kikuu kwa ajili hiyo. Yeye hupasua mbao zake kwa kadiri hiyo kwa macho.

Sasa meli. Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa tangu 1793, na meli zake zilikuwa zimechoka, huku miti mikubwa ya mwaloni ikizidi kuwa haba. Fundi mkuu mmoja wa huko Chatham, Robert Seppings, mtu aliyekulia kazini wala si shuleni, alikuwa ameanza kuzijenga upya kwa namna yake. Zamani mifupa ya meli ilikuwa ya njia mbili tu: mbavu zilizosimama, na mbao zilizolala kutoka omo hadi tezi. Seppings aliongeza ndani mihimili ya mshazari, iliyokata pembe kwa pembe. Hoja yake alieleza kwa lango la shamba. Lango lenye mbao za wima na za kulala peke yake huanguka upande. Ukilipigilia ubao mmoja wa mshazari, halisogei tena. Kila mtu alielewa lango. Wakubwa wa Admiralty, ofisi iliyosimamia jeshi la majini, walitaka kujua kama lango na meli ni kitu kimoja, wakamwomba Young maoni.

Hapa lazima nieleze ugonjwa wenyewe. Chukueni meli ya mizinga 74, meli ya kawaida ya vita ya siku zile, yenye urefu unaozidi mita 50. Mtu hudhani maji huibeba sawasawa kila mahali, kama kitanda kinavyombeba mgonjwa. Sivyo. Maji huinua kila sehemu kwa kadiri ya nafasi ambayo sehemu hiyo imechukua majini. Katikati meli ni pana, tumbo lake ni kubwa, basi pale maji huinua kuliko uzito uliopo. Omo na tezi ni nyembamba ili zikate maji, basi pale maji huinua kidogo, na mizinga, nanga na miti mizito iko pale pale. Katikati panapanda, ncha zinashuka. Meli nzima inakuwa boriti iliyoegemezwa kiunoni na kuning'inizwa mizigo pande zote mbili. Mkuku, ule mti wa chini unaobeba mbavu, unapinda polepole mwaka baada ya mwaka. Wafaransa huita hali hiyo upinde. Mjomba wangu husema chombo kimevunjika kiuno, naye alinitajia dalili kabla sijamaliza swali: mbao za juu zinaachana kwenye viungo, pamba ya kuzibia inatoka, na maji yanaingia mahali palipokuwa pakavu jana.

Young aliigawa meli vipande kwa urefu wake. Katika safu moja aliweka uzito wa kila kipande pamoja na vilivyomo. Katika safu ya pili aliweka nguvu ya maji inayokiinua kipande hicho hicho. Tofauti ya safu hizo mbili ndiyo mzigo wa kweli: mahali pengine ziada, mahali pengine upungufu. Ukichukua tofauti hizo zote za upande mmoja wa mahali fulani, ukazidisha kila moja kwa umbali wake mpaka mahali hapo na kuzijumlisha, umepata nguvu inayojaribu kuivunja meli hapo. Ndugu yangu anasema mpaka leo wanafundishwa kufanya hivyo hivyo, isipokuwa kompyuta ndiyo inayochoka.

Young hakuishia kwenye maji tulivu. Aliuliza itakuwaje wimbi likiwa na kilele chake chini ya tumbo la meli na ncha zake zikakosa maji ya kuzishika: upinde unazidi sana. Akaona na jambo ambalo mtu angelipita bila kuliona. Maji yanasukuma pia kutoka mbele na nyuma, kuelekea ndani, na kwa kuwa msukumo huo uko chini ya katikati ya kimo cha meli, unabana sehemu ya chini kuliko ya juu na kuusaidia upinde. Kabla yake Mfaransa Pierre Bouguer alikuwa ameandika juu ya ugonjwa huu, mwaka 1746. Lakini kuweka mizigo hii yote mezani pamoja, kwa tarakimu, kwa meli ya aina inayojulikana, hilo lilikuwa jambo geni.

Swali la pili lilikuwa je, boriti hii inabisha kwa nguvu gani? Ukiikata meli kwa msumeno katikati na kuutazama mkato, utaona staha juu, ubavu huku na huku, na mkuku chini. Upinde ukija, staha inavutwa, mkuku unabanwa, na mahali fulani kati yao pana mstari usiovutwa wala kubanwa. Kadiri mbao zilivyo mbali na mstari huo, ndivyo zinavyofanya kazi. Kimo cha meli ni kikubwa, kwa hiyo kwa kanuni ya boriti ingepaswa kuwa ngumu ajabu. Mbona basi inapinda?

Hapo nilikwama, na ndugu yangu akanitoa kwa kutumia rundo la daftari zangu mwenyewe. Alilipinda kwa vidole viwili: kurasa ziliteleza moja juu ya nyingine, rundo likalegea. Mbao 10 zilizolazwa pamoja bila gundi ni mbao 10 tu, kila moja inapinda kivyake. Zikishikana kabisa zinakuwa ubao mmoja wa kimo mara 10, na ugumu wake ni mara 100 ya zile zilizolegea. Meli ya mbao ilikuwa karibu na rundo la daftari kuliko ubao mmoja. Imeungwa kwa vipande vingi, misumari inalegea, mbao zinateleza, na kimo kikubwa kinapotea bure. Mihimili ya Seppings inazuia mtelezo huo. Ndiyo gundi. Young alikubali kwamba mshazari una faida, akaongeza masharti yake na mapendekezo yake ya hapa na pale, na ripoti ikatoka mwaka huo huo wa 1814 katika jarida la Royal Society, kitabu kimoja na makala ya Seppings mwenyewe.

Inasimuliwa kwamba jibu la Admiralty lilikuwa la adabu sana: sayansi inaheshimiwa, karatasi ya daktari inathaminiwa, ila imejaa elimu mno, kwa kifupi haikueleweka. Watu hulisimulia jibu hilo ili kuwacheka wakubwa. Zamani ningecheka nami. Lakini niliitafuta ripoti, nikaketi nayo jioni tatu pamoja na ndugu yangu na kamusi. Young anaruka hatua. Anatoa tokeo kabla ya kuuliza swali. Sentensi moja inabeba mambo manne, na la tano linaachwa kwa msomaji kana kwamba kila msomaji ni Young. Mwaka jana kazi yangu ya mwisho wa mzunguko ilirudishwa na mwalimu kwa maneno karibu na yale ya Admiralty, nikakasirika juma zima, nikisema hajasoma vizuri. Baada ya jioni zile tatu niliitoa kazi hiyo kabatini nikaisoma kama mtu mgeni. Mpaka ukurasa wa 4 mimi mwenyewe sikujua nilikuwa nataka kusema nini.

Seppings, kwa upande wake, aliendelea na lango lake. Alikuwa tayari mkaguzi wa jeshi la majini tangu 1813, na meli zikajengwa kwa mtindo wake.

Katika majira ya kiangazi ya mwaka ule ule Young alikwenda Worthing, mji wa pwani ambako alikuwa akitibu wageni wa bahari, na alibeba nakala ya maandishi ya Rosetta. Jiwe hilo lilikutwa Misri mwaka 1799, na tangu 1802 lilikuwa London. Lina habari moja kwa maandishi matatu: hieroglifu, demotiki na Kigiriki. Mbinu yake ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Aliyapanga maandishi katika safu, Kigiriki kikiambatana na demotiki, akihesabu mara ngapi neno linarudi huku na mara ngapi alama fulani inarudi kule. Penye ziada na upungufu ndipo alipochimba. Nilimwonyesha ndugu yangu jedwali la meli na, chini yake, sentensi ya Kilega niliyokuwa nimeichanganua darasani, mofimu juu, maana chini. Alinyamaza kidogo, akasema safu zangu hazina jumla. Ni kweli, hazina.

Kwa njia hiyo Young aliona kwamba demotiki na hieroglifu zina uhusiano, na kwamba jina la mfalme Ptolemaio limefungwa ndani ya duara refu na kuandikwa kwa sauti. Mwaka 1819 alichapa matokeo katika nyongeza ya Encyclopaedia Britannica, chini ya kichwa Misri, bila kuweka jina lake. Alikuwa na mazoea hayo, maana aliogopa wagonjwa wasije wakadhani daktari wao ana mambo mengi kuliko magonjwa yao. Ila alishika wazo kwamba alama za sauti zilitumika hasa kwa majina ya wageni, akasimama hapo. Champollion, aliyejua Kikopti kwa undani, hakusimama. Tarehe 27 Septemba 1822 aliusoma ugunduzi wake Paris, na Young alikuwa ameketi ukumbini.

Ukitazama maisha yake unaona jambo hili likijirudia, na kwetu sisi tunaosoma kwa Kifaransa linachekesha kidogo. Alisema mwanga ni mawimbi. Akashambuliwa vikali katika gazeti moja la Edinburgh, akaandika kijitabu cha kujitetea, na inasemekana kiliuzwa nakala moja tu. Fresnel, Mfaransa, ndiye aliyeyapa mawimbi hayo hesabu iliyowashawishi watu. Moduli aliianzisha Young, lakini Navier, Mfaransa, ndiye aliyeieleza mwaka 1826 kwa namna inayoeleweka na wahandisi mpaka leo. Hieroglifu, Champollion. Waingereza na Wafaransa wamegombania sifa hizi kwa muda mrefu, na mimi siingii katika ugomvi huo. Naona tu kwamba mara zote tatu mlango aliufungua yeye, halafu mwingine ndiye aliyewakaribisha wageni ndani.

Neno Kihindi-Kiulaya peke yake halikuhitaji mtu wa kulieleza upya. Alilitumia mwaka 1813 katika Quarterly Review, akipitia kazi kubwa ya Adelung iliyokusanya sala ya Baba Yetu katika lugha karibu 500. Ni neno moja, fupi, na kila aliyelisikia alijua linamaanisha nini.

Miaka ya mwisho alikuwa daktari wa hospitali ya St George's, na tangu 1818 katibu wa bodi iliyoshughulikia longitudo, akisimamia kitabu cha hesabu za nyota ambacho mabaharia walikitegemea baharini. Hakupata mtoto na mkewe Eliza, aliyemwoa mwaka 1804. Demotiki hakuiacha, humo, tofauti na hieroglifu, Champollion mwenyewe alikubali msaada wake. Mwanzoni mwa 1829 kifua kilimzidi. Alikuwa anasahihisha kurasa za kamusi ndogo ya Kimisri, na mkono uliposhindwa kalamu ya wino aliendelea kwa penseli. Alifariki tarehe 10 Mei 1829, miaka 55. Kamusi ilitoka mwaka 1831.

Katika bandari ya Dundee, Scotland, ipo bado meli iitwayo Unicorn, iliyoshushwa majini mwaka 1824. Ndani yake ukishuka chini ya staha unaiona mihimili ya chuma imelala mshazari juu ya mbavu, kutoka omo kwenda tezi. Nilimwonyesha mjomba picha yake katika simu. Aliivuta karibu na macho, akauliza kwanza ni mti gani, kisha kwa nini hawakuweka mshazari na huku upande wa pili.